Tumbo la Zacharia si Tumbo la Jairos

Elisabethville, 4 Machi 1956

Kwako ndugu yangu Jairos,

Pokea salamu zangu, za mke wangu na za watoto. Mama hajambo? Mkeo Agness anaendeleaje? Huku sisi ni wazima, ila mvua imetuchosha na nyumba inavuja upande wa kitanda.

Nina habari njema. Unajua tumbo langu. Huu ni mwaka wa pili linanisumbua: leo nahara, kesho limefunga, kesho kutwa limejaa hewa, na kila mkubwa wa kazi akipandisha sauti lazima nikimbilie chooni. Nilidhani nakufa. Basi, kwa kuwa kazi yangu ni kuosha vioo na chupa mahali wanapopimia magonjwa hapa hospitalini, Mubanga aliniombea nafasi kwa daktari. Mubanga ndiye muuguzi anayetazama vidudu kwa darubini. Walinipima siku tatu. Walichukua choo, wakachukua damu, wakanibonyeza kila mahali. Mwishoni daktari Mbelgiji akaniambia kwa Kiswahili chake: “Tumbo yako haiko na maladi. Iko naogopa paka.” Maana yake tumbo halina ugonjwa, linaogopa tu: utumbo ni mzima, hauna kidonda wala mdudu, ila unajikaza na kujilegeza ovyo nikiwa na hofu. Akanipa matone, na sasa nalala vizuri.

Mama aliniandikia, kwa mkono wa Chilufya katekista, kwamba wewe nawe tumbo linakusumbua tangu samaki wa mpumbu walipopanda mto. Ndugu yangu, usihangaike. Ni lilelile. Tulitoka tumbo moja saa moja, mimi yaya nikitangulia, tukapewa jina moja la mapacha, Mpundu, na wewe unajua tulivyolelewa: dawa ya pacha ni moja, akinywa huyu na yule anywe. Nimempa dereva wa lori la samaki chupa yako ya matone. Kumi asubuhi, kumi jioni. Usijisumbue kwenda hospitali ya misheni. Daktari akinipima mimi amekupima wewe.

Mwambie Mama ampe Chilufya barua hii aisome mbele ya watu, ili wote waliotuombea wafurahi pamoja nasi.

Sisi Mpundu,
Zacharia, yaya wako


Nchelenge, 29 Aprili 1956

Zacharia,

Salamu. Mama hajambo. Agness hajambo. Habari zangu usiulize, maana hukuuliza.

Barua yako ilisomwa. Jumapili baada ya ibada Chilufya alisimama mlangoni mwa kanisa akaisoma kwa sauti ileile anayosomea Nyaraka za Mtume Paulo. Watu wa ufuko wote walikuwepo, na wauza chumvi kutoka ng'ambo. Alipofika pale tumbo linapoogopa, Kalaba, ambaye mimi navua katika mtumbwi wake, alicheka mpaka akashika ukuta. Kufika Jumatatu nilikuwa na jina jipya. Wananiita Ba Mwenso. Umekaa mjini miaka tisa lakini hujasahau Kibemba: Bwana Hofu. Watoto wanaliimba nikipita.

Jumanne Kalaba alinitoa mtumbwini. Alisema mwenye tumbo la woga akae nchi kavu na wanawake, ageuze samaki juu ya moshi. Ndiko niliko sasa. Macho yananichoma, na kila mara naacha samaki na kukimbia majanini, na wao wanapiga makofi.

Sikiliza jambo linalonichoma kuliko moshi. Kabla barua yako haijafika nilikuwa nimeshapanga safari ya misheni. Nilishapata nafasi kwenye mtumbwi. Mama akakaa chini mbele ya mlango wangu, miguu ameinyoosha, akasema kwa kile Kiswahili cha Kasenga anachokitumia akitaka ugomvi: “Munganga amesha kumutazama Mpundu. Mpundu ni moya.” Basi imekwisha. Wewe ulikwenda, tukapimwa wawili. Wewe huna kitu, basi nami sina kitu.

Unakumbuka ulipokanyaga ndoana kule Kasenga? Mama alifunga mguu wako kwa kitambaa, akafunga na wangu, nikachechemea wiki nzima na mguu usio na jeraha. Nilikuwa mtoto, nikatii. Leo nina miaka thelathini na moja.

Matone yako niliyanywa, kwa ajili ya Mama. Siku nne choo kilikatika, tumbo likavimba mpaka kifungo cha suruali kikaruka, kisha likafunguka vibaya kuliko mwanzo. Ulituma dawa bila kujua ninachoumwa. Umeosha vioo vya wazungu, sasa wewe daktari. Usiniandikie tena mpaka ujifunze kuuliza.

Jairos,
mdogo wako kwa dakika chache tu


Elisabethville, 20 Mei 1956

Kwako Jairos,

Salamu zako nimezipata, ingawa hazikutosha kujaza kijiko. Mimi ni mzima. Msalimie Mama, msalimie Agness.

Hiyo ndiyo asante yako. Nilimbembeleza dereva, nikanyima tumbo langu chupa moja ili nikupe wewe, na wewe unanitukana kwa sababu Kalaba amecheka. Kalaba alicheka hata kwenye mazishi ya baba yake mwenyewe. Mimi sikukupa jina hilo. Nilitaja maneno ya daktari, basi.

Tena nitakuambia jambo. Wewe na hao wa ufukoni mnadhani tumbo la hofu ni mchezo. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Ninapobanwa na tumbo hili najikunja sakafuni, jasho linanitoka, mke wangu ananishika kichwa. Daktari mwenyewe alisema maumivu ni ya kweli hata kama utumbo hauna kidonda. Si kwamba mimi ni mwoga. Utumbo ndio unaogopa, mimi naufuata. Kama unaona aibu kuwa na ugonjwa mmoja na mimi, sema hivyo, usizungukezunguke.

Ulikuwa na kichwa cha moto tangu utotoni. Mimi ni mkubwa wako, niliona jua kabla yako, na sitafundishwa kuuliza na wewe. Kunywa matone polepole, punguza maharage, acha hasira. Hasira ndiyo inayokuharibu tumbo.

Sisi Mpundu,
Zacharia, yaya wako


Elisabethville, 7 Oktoba 1956

Kwako ndugu yangu Jairos,

Salamu nyingi. Sijui nikuulize hali kwa maneno gani. Miezi minne na nusu hujajibu, nami kwa kiburi sikuandika.

Juzi nilikutana na dereva wa lori la samaki. Nikamuuliza kwa mzaha kama Jairos bado amenuna. Hakucheka. Alisema ulihamia Kilwa, kile kisiwa cha ziwani kwenu, kwa watu wa Agness, kukimbia jina lile. Alisema alikuona gatini ukifika kutafuta chumvi, suruali umeifunga kwa kamba ya wavu, na alikujua kwa sauti tu. Kisha akanitazama usoni, akasema: “Mulikuwa mapasa. Sasa hamufanani tena.”

Sikulala. Asubuhi nilimweleza Mubanga habari yote, barua, matone na kanisa. Jairos, mtu yule hajawahi kunigombeza, lakini siku ile aliweka kioo chini akaniuliza: “Nani alikuambia tumbo ya mapasa ni moya? Weye njo munganga?” Eti mimi ndiye daktari, mbele ya wafagiaji wote. Akasema kuhara ni mlango unaogongwa: anaweza kuwa jirani, anaweza kuwa mwizi, na mimi nilijibu kutoka kitandani bila kuchungulia. Halafu akaniambia maswali ambayo hata mwanafunzi wa mwaka wa kwanza huuliza. Nayaandika hapa kwa aibu. Najua si desturi kuulizana mambo ya chooni kwenye karatasi.

Je, tumbo linakuamsha usingizini? Langu halijawahi kuniamsha hata siku moja. Nikilala nalo linalala. Je, ukishakwenda haja maumivu yanapungua? Yangu hupungua. Je, kuna damu, au ute? Je, unapata homa? Je, unakonda? Mimi sijapungua hata kidogo, mke wangu ananicheka kwa kitambi. Je, kuna mahali pengine panauma, magoti, macho, mdomo?

Mubanga anasema yeyote anayejibu ndiyo kwenye damu, kwenye usingizi au kwenye kukonda, huyo tumbo lake haliogopi kitu. Huyo ni mgonjwa wa namna nyingine kabisa.

Nijibu, hata kwa matusi.

Zacharia, yaya wako


Kilwa, 25 Oktoba 1956

Zacharia,

Salamu kwa mkeo na watoto. Hawana kosa.

Umeuliza. Kuanzia Machi mpaka Oktoba ni miezi saba. Mtoto mchanga anajifunza kukaa kwa muda huo.

Unataka majibu, haya. Linaniamsha. Linaniamsha mara tatu kila usiku, na mchana naenda mara sita au saba, na nikishakwenda maumivu hayaondoki, yanakaa palepale upande wa kushoto yakinisubiri. Damu ipo. Ilikuwepo kabla ya barua yako ya kwanza, ilikuwepo siku Chilufya aliposoma, ilikuwepo siku nilipokunywa matone yako. Siku nyingine ni damu na ute tu, choo chenyewe hakuna. Homa inakuja jioni. Magoti yamevimba, nashindwa kuchuchumaa, na kwa ugonjwa huu kuchuchumaa ndiyo kazi yangu. Agness ananibeba mgongoni kunipeleka majanini, naye ana mimba ya miezi minne. Sasa unajua.

Utaniuliza kwa nini sikusema damu tangu Aprili. Sikusema kwa sababu nilikuwa na hasira. Nilitaka ukumbuke mwenyewe kuwa mimi ni mtu. Na nani angesikia? Daktari wa Elisabethville alishasema hakuna damu. Nilipomwambia Mama alijibu kwamba Zacharia hana damu, basi hiyo ni rangi ya mboga niliyokula. Juma lililopita alivuka kuja hapa. Nilisema nataka misheni, wakinipasua wanipasue. Alilia, akasema wakimpasua mmoja itabidi na wewe upasuliwe, na atawapotezaje wote wawili kwa siku moja. Zacharia, mwanamke huyu ananipenda. Ananiua kwa kunipenda, na kisu ulimpa wewe.

Jairos


Elisabethville, 2 Novemba 1956

Jairos,

Nenda. Ukipata barua hii asubuhi, nenda asubuhi hiyohiyo.

Hiki ulicho nacho sicho changu. Nilimsomea Mubanga majibu yako, akakaa chini. Anasema yanaweza kuwa mambo matatu, na macho ya mtu hayawezi kuyatenganisha, ni darubini na mikono ya daktari. La kwanza ni bilhazia ya tumbo, inayoingia kwa ngozi ya mtu asimamaye majini kama mvuvi. Huacha mayai yenye mwiba ubavuni, nao wakiyaona wanakujua. La pili ni ameba, kidudu kinachokula utumbo. Hicho kinaonekana kikitembea, lakini choo kikipoa kinatulia na hawakitambui, kwa hiyo usitume kopo kwa mtumbwi kutoka kisiwani. Jipeleke mwenyewe, utoe kulekule. La tatu si mdudu. Ni utumbo wenyewe unaota vidonda na kutoka damu, sababu haijulikani, nalo ndilo analoliogopa Mubanga kwa vile umeshaumwa karibu mwaka na magoti yamevimba.

Matone yangu yatupe ziwani. Mubanga anasema kwa utumbo wenye vidonda yangeweza kukuua.

Mama nimemwandikia hapa chini, msomee. Mama, huyu ni Zacharia, aliyetangulia kutoka. Mimi si Jairos. Nimepimwa mimi peke yangu. Akipasuliwa Jairos sitapasuliwa mimi, wala sitakufa. Ondoka mlangoni, Mama.

Zacharia, yaya wako


Hospitali ya misheni, 9 Desemba 1956

Zacharia,

Salamu kutoka kitanda cha tano, karibu na dirisha. Ni Agness anayeandika, mimi nasema. Mkono wangu unachoka.

Mama aliondoka mlangoni. Kipande chako nilikituma Nchelenge, Chilufya akamsomea, Mama akataka asomewe tena, kisha akainuka akaenda kutafuta mtumbwi yeye mwenyewe.

Daktari wa hapa ni mtu mkavu, hana salamu. Kwanza alisema ameba, kama anavyosema kwa kila mtu wa ziwa, wakanichoma sindano siku kumi, nimelala tuli kwa sababu dawa ile inachosha moyo. Hakuna kilichobadilika. Walitazama choo changu siku tatu mfululizo, kingali moto kama ulivyosema, hawakuona ameba, hawakuona yai lenye mwiba. Ndipo wakanilaza kifudifudi wakanichungulia kwa bomba lenye taa. Sitakuambia jinsi ilivyokuwa. Daktari alipotoa bomba lake akasema ukuta wa utumbo wote ni mwekundu, umechunika, ukiugusa unatoka damu. Ni lile la tatu la Mubanga.

Nikamuuliza nani ameniletea. Akasema hajui. Nikamuuliza dawa. Akasema ana vidonge vinavyosaidia wengine, na maziwa, na kulala, na kwamba ugonjwa huu unakwenda na kurudi, na unaweza kurudi maisha yangu yote. Nina hasira mpaka meno yananiuma. Mwenye ameba ana mdudu wa kumchukia. Mimi hata mdudu sina. Nina wewe tu.

Sasa sikia sehemu ya mwisho, Agness anataka kuiandika haraka. Damu imenipungukia. Daktari anasema vidonge vinahitaji majuma na mimi sina majuma, lazima nipewe damu ya mtu. Walimpima Mama, haikubaliani na yangu. Walimkataa Agness kwa sababu ya mimba. Walipima wanaume wawili wa Kilwa, hapana. Daktari akauliza kama nina ndugu. Nikamwambia nina pacha, tulikuwa tunafanana mpaka Mama alitufunga uzi mkononi kututofautisha. Daktari akacheka, mara ya kwanza tangu nifike. Akasema: “Basi mwite.”

Tumbo lako si langu, Zacharia. Hata mimi sikujua kama kitu chochote chako ni changu. Njoo.

Jairos


Nchelenge, 20 Januari 1957

Zacharia,

Salamu. Mama hajambo. Agness hajambo, tumbo lake limekuwa kubwa. Mimi naweza kutembea mpaka majini na kurudi. Vidonge vinasaidia. Damu ilikatika siku ya Mwaka Mpya.

Nimekaa majuma manne nikisubiri hasira iishe ndipo nikuandikie vizuri. Haijaisha, kwa hiyo naandika hivyohivyo.

Ulikuja. Sikatai. Siku nne kabla ya Krismasi walifungua mlango nikaona uso wangu wa zamani unaingia, una mashavu. Dereva alimwambia Agness kwamba tangu Elisabethville mpaka Kasenga ulisimamisha lori mara saba kukimbilia majanini, na kwenye kivuko ulikaa chini ukasema utarudi, kisha ukapanda mtumbwi macho umeyafumba. Walichoma kidole chako wakachanganya tone na langu kwenye kioo, kazi ambayo wewe unaijua, daktari akatikisa kichwa kukubali. Ukalala kitanda cha sita. Naye Mama akamshika daktari mkono: kama mnamtoa damu huyu, mtoeni na yule, wao ni Mpundu. Mimi nilikuwa sina damu ya kutosha hata kuona haya, na mama yangu anataka nitolewe nyingine! Daktari alinichoma kidole tena, akamwonyesha Mama tone moja, naye Mama akaridhika. Ulicheka. Mimi nami nilicheka. Nilidhani tutaongea.

Asubuhi niliamka, kitanda cha sita kimetandikwa. Hukuniaga. Ulitoa chupa mbili za damu, ukaondoka bila neno moja. Agness anasema likizo yako ilikuwa imekwisha. Likizo haimzuii mtu kusema kwaheri. Ulikuwa na maneno mengi sana Machi, ya kunitibu kutoka mbali, na maneno yako ya Mei ya kunipigia ukubwa. Ukiwa umbali wa mkono mmoja ulinyamaza.

Nimerudi ufukoni. Kalaba haniruhusu mtumbwini. Watoto bado wanaimba. Wanasema Ba Mwenso alikwenda hospitali kuogopea huko. Tena si mimi tu. Chalwe, mama mjane anayekausha samaki karibu na Agness, anahara damu tangu Novemba, na alipotaka kwenda kupimwa wenzake walimwambia ni mwenso tu, kwani barua ya Elisabethville haikusomwa kanisani? Barua yako bado inatembea huku, Zacharia. Ina miguu kuliko mimi.

Damu yako iko ndani yangu na bado nina hasira nawe. Sitaki pole ya siri. Uliandika mbele ya watu. Futa mbele ya watu.

Jairos, mdogo wako


Elisabethville, 10 Februari 1957

Kwa Chilufya katekista, aisome mlangoni mwa kanisa baada ya ibada, kwa sauti yote.

Ninyi nyote wa ufuko wa Nchelenge, wazee, mama, wavuvi, nanyi wa Kilwa mliovuka kusali, nawasalimu. Natumaini mu wazima, na samaki wanapatikana.

Mimi ni Zacharia, mtoto wa NaMpundu, mama wa mapacha. Mwaka jana mlisomewa barua yangu hapa hapa. Barua ile ilikuwa na kosa, na kosa ni langu, si la daktari. Daktari alinipima mimi. Hakumpima Jairos. Mimi nilichukua majibu yangu nikamvika ndugu yangu, kama Mama alivyomfunga kitambaa mguuni nilipokanyaga ndoana.

Tumbo linaloogopa ni langu. Jina la Ba Mwenso ni langu, naomba mnirudishie. Kalaba, nikija nitalijibu ukiniita. Ni mimi niliyeshuka kwenye lori mara saba. Ni mimi niliyefika kivukoni, nikajua ndugu yangu anakufa ng'ambo, nikataka kurudi. Na asubuhi ile niliondoka bila kumuaga kwa sababu nilisimama karibu na kitanda chake, nikaona mikono yake ilivyokonda, nikashindwa kusema nisamehe. Tumbo lilinikamata, nikakimbia. Huo ndio mwenso, kama hamkuwahi kuuona.

Jairos ametoka damu karibu mwaka mzima, akageuza samaki wenu juu ya moshi, akachekwa, na hakuanguka. Utumbo wake una vidonda. Vitapona, vitarudi, vitapona tena. Siku vikirudi atakaa nchi kavu, siku vikilala ni mvuvi kama ninyi. Kalaba, mrudishe mahali pake.

Sasa nasema na mama Chalwe, na kila mtu anayeficha jambo hili. Mtu anayehara na kufunga akiwa na hofu, asiye na damu, asiyekonda, anayelala usingizi mpaka asubuhi, huenda ni mwenzangu. Hatakufa, ingawa ataumia, na hata yeye akapimwe kwanza. Lakini ukiona damu, au ukiamshwa usingizini, au nguo zikikupwaya, usisubiri barua ya mtu yeyote. Mama Chalwe, panda mtumbwi kesho. Kapimwe wewe.

Chilufya, ukimaliza kusoma usimpe Mama karatasi hii. Ataiweka kwenye kopo lake pamoja na zile nyingine, ambako vitu vyetu vyote vimechanganyika tangu tuzaliwe. Mpe Jairos mkononi. Ni yake peke yake.

Jairos, nisamehe.

Zacharia, yaya wake